Namna ya Kutunga Haiku za Ndege na Paka wa Bustanini

Mtunzi wa Kiswahili anayeijaribu haiku, yaani shairi fupi la mishororo mitatu, kwa mara ya kwanza hugundua kwamba kazi inayowasumbua wenzake wanaotunga kwa Kiingereza, yaani kuhesabu mizani (silabi), kwake ni nyepesi, na kwamba kinachomshinda ni jambo jingine kabisa, nalo ni kunyamaza akishaonyesha. Tumelelewa na tenzi zinazousia, na mashairi ambayo kituo chake, yaani mshororo wa mwisho, hubeba funzo, na methali ambamo paka akiondoka panya hutawala, na kila msikilizaji hujua kwamba panya na paka hao ni watu. Haiku haina nafasi ya funzo hilo. Paka wa haiku ni paka, naye shomoro ni shomoro, na mtunzi anapaswa kuwaacha wabaki hivyo hadi mwisho wa mshororo wa tatu. Ndiyo maana nashauri anayeanza aanze na bustani ya nyumbani, hata ikiwa ni ua mdogo wenye mti mmoja na beseni la maji, kwa kuwa palipo na ndege na paka mvutano upo tayari, na mtunzi hana haja ya kuongeza wa kwake.

Umbo lenyewe ni la Kijapani. Haiku ilianza ikiwa hokku, yaani ubeti wa kufungulia shairi refu la mnyororo ambalo watu kadhaa walilitunga kwa zamu. Matsuo Bashō (1644–1694) aliupa ubeti huo mfupi uzito mkubwa, na mwishoni mwa karne ya 19 Masaoka Shiki (1867–1902) aliutenga na mnyororo, akautetea kuwa shairi kamili linalojitegemea, na jina la haiku likaenea. Vipimo vyake ni mizani 5, kisha 7, kisha 5, jumla 17. Wajapani wenyewe kwa kawaida huiandika katika mstari mmoja wa wima. Mishororo mitatu ni desturi ya lugha nyingine, nasi tunaweza kuifuata bila shida kwa sababu sikio letu limezoea mshororo.

Kuhesabu mizani

Kila irabu hubeba mizani yake, kwa hiyo paka ni mizani 2, shomoro 3 na dudumizi 4. Irabu zinazofuatana huhesabiwa moja moja, hivyo juu ni 2 na kiota ni 3. Herufi m inayotangulia konsonanti katika majina ya ngeli za m-wa na m-mi huhesabiwa, ndiyo maana mkia na mpera ni mizani 3 kila moja, ilhali mwembe ni 2, kwa kuwa mw mbele ya irabu hutamkwa pamoja nayo. Ving'ong'o, yaani sauti za puani kama m na n, vilivyoshikamana na konsonanti havihesabiwi peke yake katika ndege, kunguru na mvua, ambazo ni 2, 3 na 2. Lakini neno likiwa fupi kiasi cha king'ong'o kubeba mkazo, kama mbwa, mbu au nchi, hesabu 2. Anayetunga mashairi ya mizani 16 anayajua haya yote na anaweza kupita haraka.

Linalohitaji kufikiriwa zaidi ni urefu wa vitenzi vyetu. Mizani 17 za Kiswahili hubeba maneno sita au saba tu, na kitenzi kimoja, mathalani anamnyemelea, kinajaza mshororo mzima wa kati kikiwa peke yake. Mtunzi asilichukulie jambo hili kuwa kikwazo, kwa sababu kitenzi hicho kimoja tayari kina mtendaji, wakati, mtendwa na namna ya kutenda, na kinachobaki ni kutafuta mishororo miwili ya pembeni itakayokiweka mahali pake. Ninashauri pia kuzishika 5, 7 na 5 kikamilifu. Watunzi wengi wa siku hizi wa lugha za Ulaya wameziacha kwa sababu silabi zao haziendi sambamba na za Kijapani, lakini silabi zetu zilizo wazi zinakaribiana nazo sana, na kuziacha kungekuwa kujinyima bure. Sharti ni moja: usijazie pengo kwa sana, kabisa, yule au kwa kiunganishi kisicho na kazi. Mshororo ukipungua mizani moja, rudi bustanini ukatafute neno jingine.

Kuketi na kutazama

Wakati mzuri ni kuanzia kunapopambazuka hadi saa mbili asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa kuwa ndege hutafuta chakula kwa bidii mapema na jioni, na paka naye huwinda zaidi mwanga unapokuwa hafifu. Mchana wote wawili hupumzika, na mapumziko hayo nayo yanafaa kuandikwa. Keti mahali pamoja, na wakati huo usitunge. Andika katika daftari sentensi za kawaida za unachokiona na kukisikia: shomoro watatu wametua kwenye beseni, paka yuko chini ya mlimau, ncha ya mkia wake inachezacheza ingawa mwili hausogei. Ukianza kutunga ukiwa bado unatazama, utaacha kutazama.

Jitahidi kumtaja ndege kwa jina lake. Neno ndege peke yake halimpi msomaji kitu cha kuona, ila shomoro humpa udogo na kelele, chozi humpa mdomo mwembamba uliopinda unaochovya katika maua, na mnana humpa majani yaliyochanwa na kiota kinachoning'inia. Hata kunguru si mmoja. Yule mwenye shingo ya kijivu aliyejaa katika miji ya pwani aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 na kuenea bara, naye ni mdogo na mkorofi zaidi ya kunguru wa asili mwenye kifua cheupe. Ukiandika kunguru, wewe mwenyewe uwe umejua ni yupi, kwa sababu tabia utakazoziona zitatofautiana.

Kwa upande wa paka, tazama sehemu ya mwili badala ya paka mzima. Paka anayevizia huishusha shingo ikawa sawa na mgongo, mifupa ya mabega ikapanda na kushuka chini ya ngozi, na nyayo za nyuma hukanyagakanyaga kabla ya kuruka. Paka aliyefungiwa ndani akamwona ndege nje ya dirisha mara nyingi hutetemesha taya na kutoa sauti ya kukatikakatika ambayo hutaisikia akiwa mbele ya sahani. Kila moja ya hizo ni haiku inayosubiri mshororo wa pili.

Jambo moja la nje ya ushairi linanigusa sana na sitaliruka. Ukiweka maji au nafaka ili ndege waje, liweke beseni juu ya kitu kilichoinuka na mahali peupe, mbali na vichaka na nyasi ndefu, ili ndege wamwone paka kabla hajawafikia. Hakuna shairi linalostahili ndege aliyetegwa kwa ajili yake.

Majira

Haiku ya Kijapani kwa desturi hubeba neno la majira, linaloitwa kigo, na yapo makusanyo makubwa yanayoyapanga maneno hayo kwa msimu. Vifaranga vya shomoro ni vya masika ya Japani, yaani majira yanayofuata baridi. Bundi ni wa majira ya baridi. Paka wanaotafutana usiku kwa vilio nao ni neno la mwanzo wa majira hayo yanayofuata baridi, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa paka jike huingia katika joto siku zinapoanza kurefuka. Hapa ndipo mtunzi wa Mombasa au Dar es Salaam anapopaswa kusimama na kufikiri. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na paka hupandana mwezi wowote, hivyo kilio cha paka juu ya bati usiku hakimwambii msomaji wetu ni majira gani. Kukiazima kama neno la majira ni kuandika kuhusu bustani ya mtu mwingine.

Tuna maneno yetu, na ni mengi. Masika, kipupwe, vuli na kiangazi, pamoja na pepo za kusi na kaskazi, yamo tayari katika ushairi wa pwani. Kwa upande wa ndege, mbayuwayu wa Ulaya hufika kwetu karibu na vuli na kuondoka masika yanapokaribia. Minana madume huvaa manjano yao angavu na kusuka viota mvua zinaponyesha. Na dudumizi, ndiye tipitipi, mwenye sauti inayoshuka kana kwamba maji yanamiminwa kutoka chupani, katika sehemu nyingi husemwa kuwa ndiye anayeita mvua. Maembe yanayoanguka, majani ya mwarobaini yanayopukutika na asumini zinazofunguka jioni hufanya kazi hiyohiyo. Anayetunga kwa Kiswahili akiwa Muscat au Toronto atumie majira ya huko aliko, kwa sababu kigo ni ushahidi kwamba mtunzi alikuwapo.

Neno la majira moja latosha. Tazama rasimu hii:

Wingu la vuli—
dudumizi aita,
paka arudi.

Mizani ni sahihi na picha ni ya kweli, lakini wingu la vuli na dudumizi yanasema jambo lilelile mara mbili, na mshororo wa kwanza umekwisha kumpa msomaji mvua kabla dudumizi hajafungua mdomo. Wajapani huhesabu marudio ya namna hii kuwa dosari. Mtunzi aliondoe wingu, aangalie tena ni nini kingine kilikuwapo uani wakati ule:

Kamba ya nguo—
dudumizi aita,
paka arudi.

Sasa mvua haitajwi popote, bali msomaji anaisikia inakuja, na anajua kuna mtu atakayetoka mbio kuanua nguo. Mtu huyo naye hayumo katika shairi.

Mkato

Haiku huweka picha mbili kando kwa kando na kuacha nafasi kati yake. Wajapani huonyesha nafasi hiyo kwa maneno mafupi ya kukatia, kama vile ya, kana na keri. Sisi tunaweza kutumia kistari, au kuacha nomino isimame bila kitenzi kama ilivyofanywa na kamba ya nguo hapo juu. Anayezoea kusoma mashairi yetu hupumua kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, bila kuambiwa, kwa hiyo pumzi hiyo si ngeni. Iweke mwishoni mwa mshororo wa kwanza au wa pili, mara moja tu, na usiizibe kwa kumbe, kwa sababu au ndipo, kwani maneno hayo yanamfanyia msomaji kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe.

Kutoka funzo hadi picha

Hii hapa ni haiku yenye mizani kamili ambayo si haiku:

Paka mjanja
hula ndege mzembe;
jihadharini.

Hesabu yake ni 5, 7 na 5, lakini ni methali iliyokatwa vipande vitatu. Hakuna paka aliyeonekana hapa, wala ndege. Wapo ujanja, uzembe na onyo. Kosa limeanzia kwenye kiambishi hu-, kinachoeleza mazoea, na mazoea hayatokei bustanini saa fulani, hukusanywa kichwani baadaye. Katika haiku tumia -na- au -a- kwa jambo linalotokea mbele ya macho, na -me- kwa hali iliyokwisha kufikiwa na bado ipo, kama amelala au wametua. Kiambishi -ka- nacho kiepukwe kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa huligeuza tukio kuwa hadithi: paka akaja, akaruka, akakosa. Sifa kama mjanja, mzembe, maskini na katili ziondolewe zote bila huruma.

Tukirudi kwenye daftari, tuseme tumeandika kwamba mvua imekatika, shomoro wameshuka kuoga katika dimbwi, na paka amejilaza katika nyasi akiwatazama. Haya yanatosha:

Mvua yakoma—
shomoro wanaoga;
macho nyasini.

Paka hakutajwa. Msomaji anapofika kwenye mshororo wa tatu ndipo anapomwona, kwa kuchelewa kidogo, kama vile shomoro wenyewe watakavyomwona, na kwa hiyo hatari inamfikia yeye moja kwa moja. Katika rasimu ya kwanza mtunzi anaweza kuandika mshororo wa kati kwa kiambishi -a-, yaani shomoro waoga. Lakini hapo shomoro watageuka kuwa wenye hofu badala ya wenye kuoga, na jibu la shairi litakuwa limetolewa mapema. Somo la vitendo ni kwamba kila kitenzi kilichofupishwa kisomwe tena kwa sauti, ili kuhakikisha hakijageuka neno jingine.

Sarufi yetu ina zawadi nyingine kwa shairi la paka na ndege. Wote wawili ni viumbe hai na wote hubeba kiambishi a-, hivyo kitenzi kilichosimama peke yake kinaweza kuwa cha yeyote kati yao:

Paka na jua,
chozi mshubirini—
ametulia.

Ni nani aliyetulia? Kama ni paka, basi chozi anaendelea kuhangaika juu ya maua bila kujua. Kama ni chozi, basi amekwisha kumwona. Shairi halijibu, na mtunzi asijaribiwe kulijibia. Utata wa namna hii ufanywe kwa makusudi na mara chache, maana ukitumika katika kila haiku utakuwa mchezo wa kuficha.

Dosari inayojificha zaidi ya funzo ni kudai kujua nia ya mnyama. Kunguru wana tabia ya kumchokoza paka kwa kumvuta mkia, na mtunzi aliyeliona hilo juu ya ukuta wakati wa kiangazi aliweza kuandika:

Ukuta moto—
kunguru mkiani,
paka hajali.

Lakini hakuna ajuaye kama paka anajali. Kinachoonekana ni kwamba hakuondoka, na hilo ndilo la kuandikwa: paka hatoki. Mizani ni zilezile 5, na msomaji ameachiwa uamuzi kama huo ni uvivu, kiburi, au joto la ukuta.

Kifo

Anayetazama bustani kwa muda atakutana na ndege aliyeuawa, na haifai kujifanya kwamba halitokei. Hapa ndipo hamu ya kuomboleza au kumlaani paka inapokuwa kubwa, na hapa ndipo kunyamaza kunapohitaji ujasiri zaidi. Usieleze tukio lenyewe, eleza kilichobaki.

Mapambazuko—
unyoya mlangoni,
paka alala.

Mshororo wa tatu ulijaribiwa kwanza ukiwa paka ashiba, nao ulikuwa na mizani sawa, ila ulishuhudia jambo ambalo mtunzi hakuliona. Paka aliyelala ameonekana. Huzuni imo katika unyoya, na haihitaji jina.

Kusikiliza na kuhifadhi

Isome haiku kwa sauti mara mbili, polepole, na usikilize vina. Haiku haina vina, lakini kwa kuwa maneno yetu mengi huishia kwa -a, vina hujitokeza bila kualikwa, na mishororo mitatu ikiishia yote kwa silabi moja msomaji wetu ataanza kutarajia ubeti wa pili. Badilisha mpangilio wa maneno, au umalizie mshororo mmoja kwa kielezi cha mahali chenye -ni, kama mtini, uani au nyasini. Kisha mpe mtu mwingine aisome bila maelezo yoyote. Akiuliza neno gumu, mweleze, ila akiuliza maana ya shairi, mwombe akuambie alichokiona. Akiwa ameona bustani tofauti kidogo na yako, shairi limefanya kazi yake. Akiwa hakuona kitu, rudi kwenye daftari, kwa sababu mara nyingi kuna sentensi ya kawaida uliyoiandika siku ile ambayo ni bora kuliko mshororo uliouchukua.

Haiku haihitaji kichwa, na kichwa kikiwekwa mara nyingi hutoboa siri ya mshororo wa tatu. Chini yake andika mahali na mwezi. Ukishakuwa na nyingi, zipange kwa majira na si kwa mnyama, ili haiku za paka na za ndege zichanganyike kuanzia masika hadi kiangazi, na zile mbili zinazofanana mno zisikae ukurasa mmoja. Dhaifu kati yake iondolewe.